Salamu Mia Mbili Kumi na Nne Kabla ya Dawa

Kwa nini ukurasa wa tovuti wenye mistari arobaini na mmoja tu uhitaji kuwasalimia watu mia mbili kumi na wanne kabla haujaruhusiwa kusema neno? Nimelitafuta jibu katika madaftari yangu ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Nimemwuliza mhadhiri wetu wa mifumo ya kompyuta, ambaye alitazama kwanza kama mlango umefungwa, kisha akanishauri nichague swali jingine kwa ajili ya ripoti yangu. Jibu sina bado. Ninachoweza kufanya ni kueleza mambo yalivyotokea, kwa heshima zote, na msomaji atakayelipata jibu popote katika maelezo haya naomba anijulishe kupitia chuo.

Mwaka huu nilipangiwa mafunzo kwa vitendo katika Wizara ya Afya na Taswira ya Taifa. Zamani zilikuwa wizara mbili, lakini katika Jamhuri yetu iligundulika kwamba afya isiyoonekana haimfaidii kiongozi yeyote, zikaunganishwa. Nilipewa kiti katika Kitengo cha Tehama, chenye fundi mmoja, kaka Erasto, na wakuu wanne wa kumsimamia.

Kazi niliyokabidhiwa niliipenda tangu siku ya kwanza. Wizara ilikuwa na ukurasa wa mtandaoni unaoonyesha dawa ya sumu ya nyoka iko wapi. Dawa hiyo ni adimu, nayo huharibika upesi, kwa hiyo zahanati arobaini na moja za ukanda wa chini hupokezana chupa chache zilizopo. Kila asubuhi na kila jioni wauguzi hutuma idadi, na ukurasa huonyesha jina la zahanati, chupa zilizobaki, na saa ya taarifa ya mwisho. Basi. Maandishi meusi, karatasi nyeupe. Ulifunguka hata kwenye simu ndogo ya mtu aliyepanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao.

Aliyeutegemea kuliko wote alikuwa Mama Editruda, muuguzi pekee wa zahanati ya Mbugani, ambako watu hulima ufuta na nyoka hupenda kulala chini ya matita ya ufuta uliokatwa. Mbugani ina barabara mbili: moja inakwenda Kisima, nyingine inakwenda Lundo, na kila moja inaipa nyingine mgongo. Mtu akigongwa na nyoka ana saa tatu, au nne akiwa na bahati. Mama Editruda hufungua ukurasa, hutazama chupa ziko upande gani, kisha humwambia mwenye pikipiki aelekee wapi. Barabara ikikosewa, muda wa kurudi haupo. Alinieleza haya kwa simu katika wiki yangu ya kwanza, bila kupandisha sauti, kama mtu anayemwelekeza mgeni kisima kilipo.

*

Matatizo yalianza katika Maonyesho ya Wiki ya Huduma, Mheshimiwa Waziri, Balozi Daktari Injinia Hamdani Lugome, aliposimama mbele ya meza yetu.

"Hiki nini?" aliuliza.

"Ukurasa wa dawa ya nyoka, Mheshimiwa," kaka Erasto alijibu. "Ukifungua tu, unaona dawa ilipo."

"Ukifungua tu?" Mheshimiwa aliinamia kompyuta. "Yaani unaanza kusema tu? Haumtambui mtu?"

"Umtambue nani, Mheshimiwa?"

"Mtu yeyote! Mimi nimesimama hapa. Mkuu wa Mkoa amesimama hapa. Ukurasa unatutolea macho na kutuambia 'Kisima, chupa mbili.' Mwanao akiingia sebuleni penye wageni na kusema 'Kisima, chupa mbili,' utamwacha?"

Kaka Erasto alikiri kwamba asingemwacha.

"Ukurasa huu uko uchi," alisema Mheshimiwa Waziri, na waandishi wa habari wakaandika. "Uvisheni."

Kwa ajili ya wasomaji wa nchi nyingine, inanibidi nieleze desturi yetu. Katika Jamhuri yetu hakuna anayesema jambo hadharani kabla hajawatambua wakubwa, mmoja mmoja, kwa cheo na kwa mpangilio. Nimesikia kwamba majirani zetu hufupisha kwa kusema kuwa itifaki imezingatiwa, wakaendelea na shughuli. Kwetu maneno hayo yalipigwa marufuku kwa sababu yanalea uvivu. Mwaka juzi ghala la pamba liliteketea lote huku kamanda wa zimamoto, mpira wa maji mkononi, akiwatambua wageni waalikwa. Alitunukiwa nishani kwa kutomruka hata mmoja.

*

Waraka Namba 17 wa Itifaki ya Kidijitali ulitoka Jumatatu iliyofuata. Iliundwa Kamati ya Mavazi ya Tovuti, mwenyekiti wake akiwa Bi. Sauda Mtengeti, Mkurugenzi wa Taswira. Kamati ilianza na vazi lenyewe, ambalo mafundi huliita mandhari. Ilichagua lile lililokuwa na mambo mengi zaidi kuliko yote, liitwalo Fahari ya Pwani. Lilishonwa kwa ajili ya hoteli. Lina mawimbi yanayopiga ufukweni, picha kubwa zinazopokezana, saa inayohesabu kurudi nyuma, na kitufe kilichoandikwa "Weka nafasi ya chumba". Kaka Erasto alisema kitufe hicho hakiondoki bila kuvunja saa. Kamati ikaamua kibaki, kwa kuwa kinaonyesha ukarimu wa taifa. Hadi sasa wananchi kumi na mmoja wamekwisha kuweka nafasi, na familia moja ilifika Wizarani na mabegi yake.

Kisha zikaja plagini, yaani vipande vya programu vinavyochomekwa ili tovuti ipate uwezo wa ziada. Idara ya Sherehe ilitaka maua yaanguke kutoka juu. Idara ya Uzalendo ilitaka bendera ipepee, na ipepee kwa kasi zaidi siku za sikukuu. Idara ya Maoni ilitaka nyota tano za kumpongeza Waziri, na baada ya majadiliano nyota ya kwanza hadi ya nne zikaondolewa. Lakini kubwa kuliko zote ilikuwa Plagini ya Utambuzi. Hii iliwasalimia viongozi mia mbili kumi na wanne, kila mmoja na picha yake, kabla jedwali la dawa halijafunguka. Kwa kuwa uteuzi hubadilika kila wiki, ilichomekwa plagini ya pili ya kukagua kama ya kwanza imemruka mtu, na ya tatu ya kumwomba radhi aliyerukwa.

Ndipo kaka Erasto alipoomba kusema. Alitumia dakika ishirini kutambua wajumbe, akabakiwa na dakika tatu.

"Kampuni inayotupangisha nafasi kwenye seva yake," alisema, "inatupa memori yenye kikomo. Kila mtu anapofungua ukurasa, kompyuta yao inatutengea megabaiti mia mbili hamsini na sita, haizidi hapo. Ni kama sinia. Mandhari inaweka vitu vyake kwenye sinia, kila plagini inaweka vyake. Likijaa, jiko linafungwa, na mgeni hapewi hata kile kilichokwisha kuiva. Ukurasa wa zamani ulitumia megabaiti nne."

"Erasto," alisema Bi. Sauda kwa upole, "unaniambia Naibu Waziri hatoshi kwenye sinia?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema limejaa."

"Nimesema litajaa."

"Kwa sababu ya nani? Mtaje."

Kaka Erasto aliitazama orodha ya mia mbili kumi na wanne. Hakukuwa na jina humo ambalo halikuwa juu yake. Akakaa.

"Na zile chupa?" niliuliza kutoka kiti cha nyuma, ingawa mwanafunzi haulizi. "Jedwali la chupa likae mwanzo, na salamu zifuate?"

Wajumbe waligeuka kunitazama kwa huruma.

"Mwajabu mwanangu," alisema Bi. Sauda, "kwenu mnakula kabla wageni hawajanawa?"

*

Tovuti ilizinduliwa, ikasalimia viongozi sitini na mmoja, ikanyamaza. Kioo kikawa cheupe. Katikati yake palikuwa na mstari mmoja mdogo: "Memori iliyoruhusiwa imekwisha."

Kamati iliitishwa kwa dharura, kwa sababu neno "imekwisha" haliwezi kuonekana kwenye tovuti ya serikali. Ilichomekwa Plagini ya Faraja, ambayo hufunika kila hitilafu kwa maneno "Tunakuboreshea" na picha ya watoto wanaocheka. Nayo ilitumia megabaiti tisa. Tangu siku hiyo tovuti ilianza kunyamaza kwa kiongozi wa hamsini na nane. Hao watatu waliokosa salamu zao waliandika malalamiko.

Kaka Erasto alieleza tena kwamba njia ni mbili, kupunguza vitu au kuchukua kifurushi kikubwa zaidi. Kupunguza kulikataliwa kwa kuwa hakuna idara iliyojitolea kupunguzwa. Kuhusu kifurushi kikubwa, kanuni zinataka ijazwe fomu ya maombi, na fomu hiyo inapatikana kwenye tovuti ya Wizara.

Bi. Sauda hakukata tamaa. Alipoambiwa kwamba ndani ya faili la mipangilio kuna mstari unaotaja kiasi cha memori, macho yake yaling'aa.

"Kumbe ni namba tu? Inaandikwa?"

"Inaandikwa, mama, lakini ni ombi tu. Kampuni ndiyo inayo..."

"Andika gigabaiti hamsini."

Ilionekana kwamba namba kubwa kiasi hicho haifai kuandikwa na fundi. Kompyuta ilizungushiwa utepe, kwaya ya Wizara ikaimba, na Mheshimiwa Waziri akakata utepe, akaandika tano, akapigwa picha, akaandika sifuri. Magazeti ya kesho yake yalitangaza kwamba Jamhuri yetu sasa inaongoza ukanda mzima kwa memori. Nilifungua tovuti nikiwa na gazeti mkononi. Maua yaliniangukia, mawimbi yakapiga, viongozi hamsini na wanane wakasalimiwa, watoto wakanichekea.

Kampuni ilituandikia mistari mitatu. Namba mliyoandika haibadilishi kitu, ilisema, kifurushi chenu kinaishia mia mbili hamsini na sita, punguzeni mnavyopakia. Bi. Sauda aliisoma barua ile mara mbili, akairudisha bila kuijibu, kwa sababu haikuanza kwa kumtambua mtu.

Ukurasa wa zamani ulikuwa umefutwa siku ya uzinduzi. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa kwamba mtu aliyevishwa harudishiwi matambara yake.

*

Alhamisi moja, saa tano na robo asubuhi, simu ya kitengo iliita.

"Mwajabu? Ni mimi, Editruda."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Dawa iko wapi, mwanangu? Nina kijana hapa, Shaweji, amegongwa kwenye kifundo cha mguu. Umeshaanza kuvimba. Nimefungua huo ukurasa wenu, maua yameanguka, wakubwa wamesalimiwa mpaka mkuu wa bandari, halafu watoto wananicheka."

"Umejaribu tena?"

"Mara nne. Mara ya nne umenipa chumba cha kuangalia bahari. Kisima au Lundo?"

Nyuma yake nilisikia pikipiki ikiunguruma na mwanamume akisema, "Nesi, sema basi! Tunaelekea wapi?"

Nilimwomba asubiri kidogo. Jedwali la dawa huhifadhiwa nyuma ya tovuti, na kaka Erasto angeweza kulifungua huko moja kwa moja kwa dakika moja. Lakini kwa mujibu wa Waraka Namba 17, taarifa ambayo haijavikwa haitazamwi bila kibali, na nywila, yaani neno la siri la kulifungulia, ilikuwa ndani ya droo ya Bi. Sauda. Nilipanda ngazi mbio. Mlangoni palikuwa na katibu muhtasi wake, Bwana Chande, mtu mwungwana kupita kiasi.

"Mkurugenzi yuko kikaoni, dada."

"Kuna mtu ameumwa na nyoka."

"Maskini. Mtumishi wa Wizara?"

"Mkulima wa ufuta."

"Aa. Basi andika hapa kitabuni. Jina, cheo, na dhumuni la kuonana."

Penye cheo niliandika "mwanafunzi". Penye dhumuni niliandika "mguu wa Shaweji". Bwana Chande alisoma, akaniomba nikate nirudie kwa lugha ya kiofisi. Niliandika "ufuatiliaji wa kiungo cha mwananchi", akaridhika, akaingia, na akakaa humo ndani muda mrefu. Kikao chenyewe, nilijua baadaye, kilikuwa kinajadili rangi ya maua yanayoanguka.

Kibali kilipatikana saa sita kasoro dakika tano. Kaka Erasto alifungua jedwali. Kisima: hakuna. Lundo: chupa sita.

Nilipiga simu. "Lundo, mama! Lundo, chupa sita!"



"Wamekwenda Kisima," alisema. "Uvimbe ulikuwa umeshapanda mpaka gotini, mwanangu. Nisingeweza kumlaza hapa nikisubiri. Nilibahatisha."

Shaweji aliifikia dawa alasiri. Yuko hai. Mguu wake wa kulia umekatwa juu ya goti. Ana miaka ishirini na mitatu, na ufuta wake ulivunwa na majirani.

*

Serikali yetu ni sikivu, hivyo iliunda Tume. Ripoti yake ilisomwa katika ukumbi mkubwa wa Wizara, baada ya utambuzi wa saa moja na dakika kumi, ambapo aliyetambuliwa mwisho alikuwa msambazaji wa maji ya kunywa ya kikao hicho.

Tume ilibaini kwamba tovuti inafanya kazi kikamilifu. Ilijiridhisha kwa kuifungua ofisini kwa Mheshimiwa Waziri, ambako kaka Erasto alikuwa ameagizwa kuweka nakala ndani ya kompyuta yenyewe. Ilibaini pia kwamba Muuguzi Editruda anatumia simu ya kizamani, na kwamba aliufungua upya ukurasa mara nne bila kuupa nafasi ya kumaliza heshima zake. Ilipendekeza aachishwe kazi, na zahanati ya Mbugani ifungwe hadi apatikane muuguzi mwenye simu inayolingana na hadhi ya tovuti. Mwisho, ilipendekeza ichomekwe Plagini ya Pole, yenye picha ya Mheshimiwa Waziri akiwa na huzuni. Picha ilikwisha kupigwa. Tulionyeshwa tatu ili tuchague.

Kiambatisho cha kitaalamu, kinachothibitisha kwamba kosa ni la simu, kilihitaji saini mbili za Kitengo cha Tehama. Kaka Erasto alitia yake bila kuangalia karatasi. Ana watoto watatu, na sikumlaumu, ingawa hakunitazama tena siku hiyo.

"Na wewe, binti," alisema Bi. Sauda, akanisogezea kalamu. "Saini hapo, kisha niletee kitabu chako cha mafunzo nikigongee muhuri. Umefanya kazi nzuri. Kesho unarudi chuoni, umalize shahada yako, uje tukuajiri."

Nilikuwa nimekwisha kuuliza chuoni. Bila muhuri ule, mafunzo hayahesabiki, na mwaka wa tatu unaanza upya tangu mwanzo.

Nilisimama.

"Ninaomba kusema."

"Sema," alisema Mheshimiwa Waziri, akajiweka sawa kwenye kiti ili atambuliwe.

"Sitasaini," nilisema.

"Hujaitambua meza kuu!" Bwana Chande alininong'oneza kutoka pembeni, kwa nia njema kabisa.

"Sitasaini," nilirudia. "Simu ya Mama Editruda ni ileile iliyoufungua ukurasa wa zamani kila siku kwa miaka sita. Kosa si lake. Memori ilijaa, na walioijaza wamo humu ukumbini, nami nikiwemo, maana maua nilisaidia kuyachomeka. Chuo kinampa kila mwanafunzi nafasi ndogo kwenye seva yake. Leo asubuhi nimeweka huko jedwali la dawa peke yake. Halina mandhari, halina plagini, halimsalimii mtu, na linatumia megabaiti nne. Anwani yake nimewatumia wauguzi wote arobaini na mmoja, Mama Editruda akiwa wa kwanza, na wamekubali kunitumia idadi za chupa kuanzia jioni ya leo. Mkimfukuza, nitakwenda kumtolea ushahidi popote atakapokata rufaa. Muhuri bakini nao. Nitarudia mwaka, na ukurasa sitauondoa."